Nyumba Saba za Fundi Cyril

Mkunya, Newala
13 Desemba 2024

Mdogo wangu Cyril, Baba Mabel,

Nakusalimu kwa jina la Bwana tunayemngojea katika siku hizi za Majilio. Wifi yangu Ethel hajambo? Mabel amemaliza mitihani? Mimi ni mzima. Gift amenipigia kutoka Mtwara, anasema mtoto wake ameota jino la kwanza na limeanzia juu. Nikamwambia asiwasikilize wanaosema ni mkosi, mtoto atatafuna huko huko juu na chini yatafuata. Mbuzi wa Sabina amezaa mapacha. Korosho za mwisho tumeshaokota.

Wewe nimekupigia Jumanne jioni, Jumatano mara tatu, na jana. Simu inaita mpaka inachoka. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua nimempa Oscar, kondakta wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi. Nimemwambia asikubali kuiacha kwa mtu.

Cyril, Jumanne saa tisa alasiri tumepigwa na kimbunga. Sisemi upepo wa mvua tuliouzoea. Hiki kilikuwa kisulisuli, kama vile vya vumbi vinavyozunguka uwanjani kiangazi watoto wakavikimbilia, ila hiki kilikuwa cheusi, kirefu mpaka mawinguni, na kinanguruma kama lori lililoshindwa kupanda mlima. Kilitokea bondeni, kikapita kijijini kwa njia nyembamba, upana wake hauzidi shamba moja la mikorosho, kikaenda zake. Waliokuwa pembeni hawakupoteza hata kuku. Mikorosho iliyokuwa njiani imelala mizizi juu.

Kesho yake nilizunguka nikiangalia kama ulivyonifundisha fundi anavyoangalia, kuanzia juu kushuka chini. Kanisa la zamani la mawe limepoteza bati nne tu. Kuta zake unazijua, mtu anaweza kulala dirishani. Jiko la mabua la Bimdogo limeondoka lote, na sufuria yake ya ubwabwa hatujaiona mpaka leo. Nyumba ya marehemu Baba, ya miti na udongo, imenyolewa nyasi upande mmoja kama mtoto aliyemkimbia kinyozi, lakini imesimama. Na nyumba uliyonijengea wewe, ya matofali ya saruji, paa limeondoka zima kwa pamoja kama kifuniko cha sufuria. Tumelikuta kwenye mikorosho ya Emmanuel. Kenchi, zile mbao za kubebea paa, na bati bado zimeshikana vizuri, misumari yote ipo. Paa lilipokwisha kwenda, ule ukuta mrefu wa ubavuni ukaangukia ndani.

Kwa mzee Bonifasi, ambako nako ulijenga wewe, paa liliinuka kiasi cha shubiri moja likakaa upande. Sasa amelipangia mawe juu. Nikimtazama akiyapanga moyo unaniuma, maana siku likiondoka litaondoka na mawe yake.

Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Mwalimu Josephina amevunjika mkono, wamemleta hospitali huko kwenu Mkomaindo. Ethel apite kumwona, ampelekee uji.

Sasa nijibu neno moja. Paa linaloruka likiwa zima, lilikuwa limefungwa na nini kwenye ukuta? Ulijenga nyumba saba hapa Mkunya. Moja imekwenda. Sita zina watu ndani, na mvua ndiyo kwanza zimeanza.

Dada yako,
Lois, Mama Gift

*

Mkomaindo, Masasi
29 Desemba 2024

Dada, shikamoo.

Pole sana, pole tena. Barua yako ilinikuta katika pilika za Noeli, na simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya zege, ndiyo sababu ya kuita bila majibu. Sisi ni wazima. Mabel amefaulu vizuri isipokuwa hesabu, kwa hiyo ni mtoto wangu kweli. Ethel amekwenda hospitali na uji, Mwalimu anaendelea, anasema ukuta wako ndio uliomvunja mkono.

Nilipofika mahali ulipoandika ukuta uliangukia ndani niliweka karatasi chini. Wewe ulitokaje? Hukuandika. Na huyo Mwalimu Josephina alikuwa anafanya nini ndani ya nyumba yako saa tisa?

Mengine, dada, tumwachie Mungu. Upepo wa Mungu haupimwi kwa futi kamba. Kisulisuli kinachong'oa mkorosho wa miaka arobaini kitashindwa na bati? Hata angejenga mhandisi wa serikali lingeruka. Watu wasitafute mchawi.

Nimezungumza na Ethel, chumba cha nyuma kipo. Njoo ukae na sisi. Huko juu umebaki na nani? Mimi ningekuja kukuchukua ila nina kazi Lukuledi, mwenye nyumba ananisukuma kama punda, na mgongo nao siku hizi unanisumbua.

Mdogo wako,
Cyril

*

Mkunya
6 Januari 2025, Epifania

Cyril, marahaba.

Barua nimeipata, na kilo mbili za sukari nimezipata, Ethel namshukuru. Hapa hatujambo. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Padre alitubariki nyumba jana kwa chaki, akafika mpaka kwenye kifusi changu, akakibariki nacho.

Umeniuliza nilitokaje. Sikutoka, kwa sababu sikuwemo. Sikuwahi kulala katika nyumba ile hata siku moja. Ulipokuwa unaniuliza kwenye simu, dada unaionaje nyumba, nami nasema nzuri mno, nilikuwa nimekaa kwa Baba kwenye kigoda. Niliogopa kukuvunja moyo. Nyumba mpya ilikuwa na joto, na usiku bati linaongea. Mwalimu Josephina alikuwa amepanga chumba chenye popo, nikampa funguo akae bure. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Basi ule ukuta ulikuwa wangu, umempata mwenzangu. Unaona mzigo nilio nao? Sasa umejua wangu mmoja.

Tena umemtaja Mungu. Cyril, mimi si msomi, niliishia la saba, lakini nasali tangu tumbo la mama yetu, na nakuambia usimsingizie. Upepo ni wa Mungu, nakubali. Ila kisulisuli hicho hicho, dakika hizo hizo, kilipita juu ya nyumba ya Baba hatua thelathini tu kutoka hiyo uliyojenga wewe. Baba hakuingia darasani hata siku moja. Nguzo alizichimbia mpaka kifuani kwake, mimi nilikuwa namshikia taa ya chemli akifukia. Kila fito aliifunga kwenye nguzo kwa kamba za magome, akirudia mara tatu, nami nilikuwa nachoka namwambia Baba inatosha. Alikuwa akinijibu kwa Kimakonde kwamba mimi nikachezee mbali. Paa lake limelala pande zote nne, halina ukuta wa kusimama peke yake kama ubao wa matangazo. Upepo ulichukua nyasi ukaacha mifupa. Mungu hakumpendelea Baba. Baba alifunga.

Jana mzee Bonifasi alikuja. Hakukaa. Akasema, "Mama Gift, ndugu yako nikimpigia hapokei. Mwambie nataka kujua tu, nikilala nilale na viatu?"

Siji Mkomaindo. Nikija huko, hao sita wataona hata dada wa fundi amekimbia. Njoo wewe. Mgongo utaupumzisha hapa hapa.

Lois

*

Mkunya
2 Februari 2025

Cyril,

Hatujambo. Mihogo imechipua. Ethel na Mabel nawasalimu. Wewe nimeshindwa nikusalimuje, mwezi mzima hujaandika.

Nikueleze tu tunavyoishi. Wingu likiwa jeusi mchana, watu wa nyumba zako sita wanafunga milango yao ya mninga, wanachukua watoto na sufuria, wanakuja kukaa kwa Baba. Juzi walikuwa ishirini na mmoja katika vyumba viwili vya udongo. Bimdogo alimkalia mama mkwe wake mguu. Akasema, "Jamani, mimi nina sebule yenye vigae, na leo nimeketi juu ya pipa la mtu!" Tukacheka mpaka tukasahau mvua. Kisha radi ikapiga na kicheko kikaisha, kila mtu akawa anatazama upande wa kwake.

Wazee wa kanisa wameniita. Wanasema nisikuandame, mambo ya ndugu yamalizwe ndani, jina la familia ni kubwa tangu enzi za misheni. Nikawauliza, jina hilo lina uzito wa kushikilia bati? Wakaniambia niende nikasali. Nimesali. Naandika tena.

Lois

*

Mkomaindo
9 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Sisi wazima.

Naomba sasa uniache. Hapa mjini mimi ni mtu. Ninapopita wanasema yule ndiye fundi Cyril, na Mabel anasoma kwa jina hilo. Ukisimama Mkunya ukasema nilijenga vibaya, maneno yatashuka mlimani na basi la kesho asubuhi. Wazee wamekuambia nyamaza. Padre hakukutuma. Unanivua nguo mbele za watu kwa faida ya nani?

Halafu tusianze kuulizana maswali, maana hata mimi ninalo. Nilimwomba Oscar aniletee kipande cha tofali kutoka kwenye kifusi chako. Amekileta. Nimekivunja kwa vidole viwili, dada, kama biskuti. Saruji niliyochanganya naijua. Mchanga naujua. Tofali likinyweshwa maji siku saba haliwi hivyo. Na mwenye zamu ya maji ulikuwa wewe.

Ukitaka tuongee, tuongee yote.

Cyril

*

Mkomaindo, mezani kwako
20 Februari 2025

Mdogo wangu,

Ninaandikia nyumbani kwako, na wewe hupo. Jumatatu nimeshuka na Mwalimu Josephina kwa ajili ya mkono wake, mfupa unatakiwa upasuliwe na kuwekewa chuma, kwa hiyo nitakuwa hapa majuma kadhaa nikimwogesha na kumfulia. Ethel anasema uliondoka Jumapili kwenda Lukuledi. Mtu mwenye mgongo mbaya amekimbia upesi kweli. Mkeo ananilisha vizuri. Mabel amenisomea Zaburi nzima bila kukosea, nikalia kidogo.

Jana Ethel aliniomba nimshushie gunia la njugu mawe darini. Nikapanda ngazi, nikaingiza kichwa katika ule mlango wa juu. Nikatulia humo mpaka Ethel akaita, "Wifi, umeona nyoka?"

Kila kenchi, Cyril. Kila kenchi ya nyumba yako imefungwa kwa mkanda wa chuma, umepita juu ya mbao, umeshuka pande zote mbili, umezama ukutani, umepigwa misumari sita sita. Nilizihesabu kwa kidole. Hukukosa hata moja. Uliifunga kama Baba.

Kwa hiyo ulijua. Miezi miwili nimekuwa nikijidanganya kwamba hukujua. Nilikuwa nikikutetea kwa Bonifasi, namwambia mzee, fundi naye ni mwanadamu, labda hakufundishwa. Nimeshuka ngazi na gunia lenu nikaliweka chini. Ethel bado sijamwambia.

Umesema tuongee yote. Haya, langu hili hapa, nalo ndilo lililonifanya niogope kupaza sauti tangu Desemba.

Unakumbuka mwaka juzi fedha za korosho zilipotoka kila mtu akataka kuingia nyumba mpya kabla ya Noeli. Oktoba, kiangazi chenyewe, maji ya bomba yanatoka mara moja kwa juma. Matofali ya nyumba zote saba yalifyatuliwa uwanja mmoja, na sisi akina mama tulipeana zamu ya kuyamwagilia. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa kwenye kioski cha maji tangu alfajiri. Mjukuu wa Sabina alikuwa ameramba ndoo. Nikawaambia wanawake, chukueni maji haya mpeleke majumbani watoto wanywe, matofali hayana kiu. Tukafunika matofali kwa majani makavu. Ulipokuja siku ya nane ukaniuliza, nikakuambia tumenywesha zote saba. Nilikutazama usoni nikasema hivyo.

Maji yale hata leo ningewapa watoto. Sitaomba msamaha kwa ajili ya maji. Ninaloomba msamaha ni kwamba nilisema uongo, na uongo umekaa katika kuta za watu.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ni tarehe tisa Machi. Siku hiyo Mkunya itasikia yote mawili, la maji na la mkanda. Wazee wa kanisa wapende wasipende. Wewe utakuwepo au hutakuwepo, hilo ni lako.

Lois

*

Lukuledi
27 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku nne. Mwenye nyumba hapa ameniuliza kama nimefiwa.

Nitaandika mara moja tu, kwa hiyo usinikatize. Mkanda ulikuwepo. Walichanga wote saba, tukanunua roli moja la mkanda huo, halafu nilipoupima nikaona unatosha nyumba moja, na nyingine nusu. Nikawaza, nifunge ya nani? Nikifunga yako watasema fundi amempendelea dada yake. Nikifunga ya Bonifasi, Emmanuel atauliza yake. Kurudi kuwaambia wachange tena niliona aibu, nilikuwa nimeshajigamba kwamba mimi sikosei hesabu. Na kila nyumba kuifunga ni siku mbili, na wote walitaka Noeli iwakute ndani. Nikasema moyoni, Mkunya tangu tuzaliwe upepo gani umewahi kuchukua paa? Nikapigilia misumari tu. Roli nikarudi nalo nyumbani. Mwezi wa pili nikaona linapata kutu, nikafunga kwangu.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwahi kumwambia Ethel. Nikisikia mvua nikiwa kitandani mwangu, dada, ndipo ninapowahesabu hao sita.

Kuhusu maji, nilikasirika mpaka nikatoka nje. Siyo kwa sababu uliwapa watoto. Fikiria, ningekuja Januari ulivyoniita, ningetoboa kozi mbili za matofali chini ya kenchi na kufunga humo, ningeshuka nikijisifu, na upepo ungeng'oa paa pamoja na matofali yake. Tofali la biskuti halishiki waya. Sasa najua nishuke mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Zege lile nililichanganya na kulimwagilia mwenyewe, kwa maji niliyoyabeba kwa baiskeli. Hapo panashika.

Kama ungenyamaza ningewaua nikidhani nawaokoa. Na mimi ningenyamaza, wewe ungewaua kwa upande wako. Tazama watoto wa Baba.

Kusimama kanisani siwezi. Kazi nitafanya, ila kusimama nisamehe.

Cyril

*

Mkomaindo
3 Machi 2025

Cyril, marahaba, mdogo wangu niliyembeba mgongoni.

Mwalimu Josephina amepasuliwa salama jana asubuhi. Amezinduka akauliza madaftari yake. Kwa hiyo tarehe tisa siwezi kuondoka hapa, hana mwingine wa kumlisha.

Basi nimeandika karatasi ya pili, imo humu ndani ya bahasha, nimeikunja mara nne. Ni maneno yangu kwa kanisa la Mkunya. Utaisoma wewe, kwa sauti, baada ya matangazo. Padre nimeshampigia, amekohoa sana kisha akakubali. Soma yangu kwanza. Ukishaimaliza utakuwa umesimama tayari, na mdomo umefunguka, na watu wanakutazama. Hapo utajua mwenyewe la kufanya.

Usiniambie huwezi. Hata mimi siwezi.

Ethel nimemwambia. Aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, kisha akasema, "Mwache aende. Akirudi bila kwenda, alale huko huko darini na mikanda yake."

Lois

*

Mkunya
24 Machi 2025

Dada, shikamoo sana.

Natumaini Mwalimu anaendelea vizuri na Mabel hawasumbui. Huku kwa Baba nalala pazuri, ila kuku wako wa kijivu ananidharau, anataga kwenye begi langu.

Nimesoma, dada. Yako nilisoma mpaka mwisho bila kusita. Yangu nilisema maneno matano nikakwama, nikaanza tena. Nikakaa. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kusema mambo haya yangefaa kumalizwa ofisini. Sabina akasimama nyuma yake, hakungoja amalize, akasema, "Maji yale na mimi niliyabeba kwenda nayo nyumbani. Mtoto aliyeyanywa ni huyo hapo mbele anaimba kwaya. Mnataka ofisi gani?" Mzee akakaa.

Nilipotoka nje habari ilikuwa imeshanitangulia. Bimdogo alikuwa amesimama barabarani, na yeye si wa kanisa letu, amenisubiri tu. Akasema, "Karibu Fundi Peperusha! Leo umekuja kuchukua paa lipi?" Jina limenikaa. Wananiita hivyo hata wakiniuliza nimelalaje. Naitika.

Nimenunua waya mnene na nondo kwa fedha ya kazi ya Lukuledi. Natoboa chini ya lenta, nazungusha waya, naupandisha mpaka juu ya kenchi, nauteremsha upande wa pili, kisha nausokota kwa kipande cha nondo mpaka ukipigwa unalia. Siku tatu kila nyumba. Emmanuel alikuwa wa kwanza, akanisaidia kusokota, ananiambia nisokote tena hata ukishalia. Mawe na matairi yote tumeshusha kwenye mapaa.

Mzee Bonifasi alinikatalia siku nne. Akanisimamisha mlangoni. "Uliponijengea ulisema nyumba hii nitawaachia wajukuu. Hukuniambia watabaki wangapi." Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tano mkewe, Mama Agatha, alinitolea ngazi mwenyewe akaiegemeza ukutani, akamwambia mumewe, "Mwache apande. Akianguka ni faida, akifunga ni faida."

Juzi Jumamosi nimemaliza waya wa mwisho pale kwake saa nane. Nikiwa nakusanya vyombo, bondeni kukawa kweusi. Nikaona watu wanatoka na sufuria zao, wanaelekea kwa Baba kama walivyozoea. Nami nikachukua mfuko wangu nifuatane nao. Mzee Bonifasi akafunga mlango kwa ndani, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Unakwenda wapi, fundi?"

"Kwa dada, mzee. Wingu hilo siyo zuri."

"Umefunga au hukufunga?"

"Nimefunga."

"Basi kaa."

Nikakaa. Mama Agatha alikuwa anapukuchua mbaazi kwenye ungo, hakuinua kichwa. Upepo ulipofika, dada, sijui kama kilikuwa kisulisuli, sikukiona, ila madirisha yaligonga na vumbi likatuangukia kutoka darini, na waya zikaanza kulia, moja moja, kisha zote. Paa likavuta. Nililisikia linavuta. Nilishika magoti yangu nikataka kusali nikasahau hata Baba Yetu inaanzia wapi. Mzee Bonifasi hakutazama juu hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi tu. Mama Agatha akaendelea na mbaazi zake, tap, tap, tap.

Ulipopita, mzee akafungua mlango, akazunguka nyumba yote kwenye mvua, akarudi amelowa. Akasema, "Lipo." Kisha akamwambia mkewe anipakulie.

Kwa hiyo nne tayari, zimebaki mbili. Mwambie Ethel mwenye nyumba wa Lukuledi akija kuniulizia amweleze ukweli, kwamba nipo Mkunya narudia kazi yangu, na akitaka fundi mwingine atafute. Wewe usiharakishe kurudi kunisimamia. Wasimamizi hapa wapo wa kutosha. Leo asubuhi nilikuwa juu kwa Bimdogo nikikagua kazi ya juma lililopita. Alijifunga kanga kiunoni, akaniambia nishuke nishike ngazi, akapanda mwenyewe, akavuta kila waya kwa mikono yake miwili, mmoja baada ya mwingine, nyumba nzima.

Wa kumi na tatu ulikuwa umelegea. Akashuka, nikapanda nikaukaza.

Mdogo wako,
Cyril